UZI: Hela za TV kwenye ngumi za kulipwa, zinanunua pambano au zinanunua jina?

Kona Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo kila tukibishana kwenye nyuzi za mabondia Usyk na Fury linarudi tu, wengine wanasema hela za TV zimeua ngumi, wengine wanasema bila hizo hela tusingeona hata pambano moja la maana. Mimi nina msimamo wangu na leo nauweka hapa wote mnishambulie mkitaka. Hela ya TV ikilipia pambano la usiku huohuo, tunapata ngumi. Ikilipia jina la bondia ili aje apigane na mtu mwingine siku nyingine huko mbele, tunapata usiku mbovu, na mara nyingi hata hiyo siku nyingine haifiki. Ukubwa wa hela wala sio tatizo.

Anzieni Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Ali na Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja, kwa zama zile hizo ni hela ambazo hakuna bondia aliyewahi kuziota. Promota Don King aliwasainisha wote wawili kwanza ndio akaanza kuhangaika nani atatoa mzigo, serikali ya Mobutu ikaubeba. Pambano lilipigwa karibu saa kumi alfajiri, watu wa Kinshasa wamekesha uwanjani, kwasababu kwenye kumbi za Marekani walikokuwa wanauza tiketi za kuangalia kwenye skrini ilikuwa bado ni usiku wa mapema. Yani hata saa ya ngumi kupigwa Afrika ilipangwa na TV ya huko. Na bado tukapata moja ya mapambano makubwa kuliko yote, Ali anaegemea kamba anajikinga, Foreman anarusha mpaka mikono inaisha nguvu, raundi ya 8 kwisha habari. Kwanini? Kwasababu ile hela ilikuwa imefungwa kwenye vichwa viwili. Ali bila Foreman haipo, Foreman bila Ali haipo.

Sasa njoo kwa Roy Jones, bondia wa Marekani. Kipaji kile sijui kama nitakiona tena, kuanzia 1999 ana mikanda mitatu mikubwa ya kilo 79 na ana mkataba mnono wa mapambano mengi na HBO, TV ya kulipia ya Marekani. Mkanda wa nne, WBO, uko Ujerumani kwa Michalczewski, naye ana TV yake ya kule inamlipa vizuri na Wajerumani wanajaza ukumbi. Hawakupigana hata siku moja! Jones analipwa mamilioni akipigana na watu ambao hakuna aliyewaomba, Januari 1999 alipigana na Rick Frazier ambaye alikuwa polisi kazini, ikaisha raundi ya pili. Mimi simlaumu sana Jones kama binadamu, wewe ukipewa hela ileile kwa kupigana na Frazier au na bingwa mwenzio ambaye hajapigwa utachagua nani? Nailaumu HBO, waliandika mkataba wenye jina la mtu mmoja, mpinzani akabaki ni mtu wa kujazia nafasi.

Na kubwa kuliko yote, Mayweather na Pacquiao. Mazungumzo yalianza 2009, pambano likapigwa 2 Mei 2015, Floyd ana miaka 38 na Manny 36 tena bega lake bovu. Katikati hapo pamoja na ubishi wa vipimo vya damu na ugomvi wa mapromota, Floyd akawa Showtime na Pacquiao yuko na watu wa HBO, mpaka stesheni mbili zikae meza moja zigawane ni miaka imepita. Nyumba milioni 4.6 Marekani zilinunua, karibu dola 100 kwa picha ya HD. Pambano lenyewe mnalikumbuka. Hela nyingi kuliko zote kwenye historia ya mchezo na hakuna raundi moja ya kumsimulia mtoto.

Nakaribisha hoja.

mzee wa raundi 15

Kijana umeandika vizuri lakini umeanzia katikati. Ugonjwa huu una umri mrefu kuliko HBO. Miaka ya 50 Marekani ilikuwa kila Ijumaa usiku ngumi kwenye TV, Gillette wa nyembe za kunyolea ndio wadhamini, na siku nyingine za wiki wadhamini wengine. Mtu alikuwa anaangalia bure sebuleni kwake. Unajua kilichofuata? Zile kumbi ndogo za mitaani zilizokuwa zinapika mabondia zikakosa watu, nani atoe hela ya tiketi kumuona kijana wa raundi sita wakati bingwa yuko bure nyumbani. Zikafungwa moja baada ya nyingine. Na ambaye alikuwa anaamua nani apigane ni Jim Norris na kampuni yake ya IBC, nyuma yake yupo Frankie Carbo, jambazi kabisa, mpaka mahakama kuu ya Marekani ikaja kuivunja IBC mwaka 1959.

TV ikawa inakula mabondia kuliko wanavyozaliwa. Mfano ni Chuck Davey, kijana wa chuo kikuu, mkono wa kushoto, sura nzuri, anaongea vizuri, TV ikampenda ikamjaza sifa. Februari 1953 wakampeleka kwa Kid Gavilan bingwa wa welter. Gavilan alimchezea kama paka na panya, hata akageuka akapigana kwa kushoto kumuonyesha kuwa na mimi naweza, raundi ya 10 ikasimamishwa. Davey hakuwa mbaya. Alikuwa hajaiva, TV haikuwa na muda wa kumsubiri aive.

BintiNgumi

Mzee shikamoo. Hiyo ya kumbi ndogo kufa ndio ninayoiona mimi kuwa hasara kubwa, kuliko hata hizo bato zilizochelewa.

Ila Kona Nyekundu kuna kitu hujakigusa. 15 Novemba 2024 pale Texas, Netflix waliweka Jake Paul na Tyson, mzee wa miaka 58, raundi nane za dakika mbili mbili, Netflix wenyewe wakasema watu milioni 108 duniani waliangalia. Lile halikuwa pambano jamani, mimi niliumia kumuona Tyson anang'ata glavu tu hana miguu. Lakini usiku uleule kabla yao walipigana Katie Taylor na Amanda Serrano, raundi 10 za damu, Serrano jicho limechanika vibaya na bado anasonga mbele, Taylor anajibu kila ngumi. Kwahiyo hela moja, stesheni moja, ulingo mmoja, ubora ni mbingu na ardhi. Na wale dada wamekuja kulipwa vizuri kwasababu ya hiyo hela, miaka kumi nyuma bondia wa kike alikuwa anapewa hela ya nauli tu. Sisi Kenya Fatuma Zarika alienda kuchukua mkanda wa WBC Flint, Michigan mwaka 2016, uliza watu wangapi waliiona kwa TV hapa nyumbani. Kwahiyo mimi siwezi kuitukana hela ya TV kirahisi.

Kona Nyekundu

@mzee wa raundi 15 shikamoo mzee, asante kwa Davey.

@BintiNgumi dada hapo umenisaidia mimi. Taylor na Serrano ni hela iliyolipa pambano, walishapigana Aprili 2022 Madison Square Garden, dunia ikaona, watu wakadai tena. Tyson na Paul ni hela iliyolipa majina, mpinzani na ubora havikuwepo kwenye hesabu kabisa.

Southpaw wa Eastlands

Buda theory yako ni poa lakini iko na shimo kubwa. Wasaudi. Turki Alalshikh, mwenye hela za ngumi za Riyadh, ananunua fights, sio majina, si ndio? Sasa 2 Mei 2025 Times Square, New York, hela kama maji. Ryan Garcia na Rolly Romero, Haney na Ramirez. Hiyo ya Haney ilikuwa kati ya fights zenye ngumi chache kabisa tangu CompuBox, wale wa takwimu za ngumi, waanze kuhesabu. Kesho yake Riyadh, Canelo na William Scull, raundi 12, wote wawili wakijumlishwa wakarusha ngumi 445. Hiyo ndio rekodi ya chini kabisa kwa raundi 12. Nililipia hiyo kitu. Niliamka usiku. Sasa tuambie hapo nini ilikosekana, hela?

Kona Nyekundu

Nilikuwa nasubiri mtu aitaje Times Square.

Jiulize kwanini Garcia na Haney walikuwa kwenye usiku mmoja lakini kila mtu na mpinzani wake. Ni kwasababu mpango ulikuwa wao warudiane baadaye. Wale wapinzani walikuwa ni ngazi tu. Na Canelo kupigana na Scull ilikuwa ni kupitia njia ya kwenda kwa Crawford mwezi wa tisa, hilo lilikuwa linajulikana kabla hata Scull hajapanda. Yani kile kiwango cha hela kilishalipwa kwa usiku mwingine, wa leo mtu anaenda kumaliza asichanike, asivunjike mkono. Haney anakimbia raundi 12 kwasababu mbele yake kuna mzigo mkubwa zaidi, ungekuwa wewe ungejitoa mhanga?

Na tena Romero akamwangusha Garcia akashinda kwa pointi, marudiano yakafa palepale.

Wakuu hii michezo haijaanza na Wasaudi, na hapa ndipo inatugusa Watanzania moja kwa moja, naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Rogers Mtagwa, mzaliwa wa Dodoma, alihamia Philadelphia akawa anapigana huko. 10 Oktoba 2009 New York akapewa Juan Manuel Lopez, Mpuerto Rico, bingwa wa WBO wa kilo 55, hajapigwa, kipenzi cha promota na TV. Mtagwa kaletwa kama mtu wa kumpasha moto. Wale ambao hamjaiona itafuteni leo leo. Lopez anaongoza, anampiga, Mtagwa anakula na anaendelea kuja. Raundi ya 11 mambo yanabadilika, na ya 12 ndio balaa, Lopez miguu imelegea kabisa, anatembea kama mlevi, anashika, anaegemea kamba, Mtagwa anarusha mikono yote miwili na watu wote wamesimama. Kengele ndio ilimuokoa. Zingekuwepo sekunde thelathini zaidi leo tungekuwa na bingwa wa dunia wa WBO kutoka Dodoma.

Sasa baada ya hapo bondia wa namna ile anastahili nini? Marudiano, au apumzike mwili upone. Alichopata: 23 Januari 2010, miezi mitatu na kidogo baadae, HBO wanaonyesha usiku wa mapambano mawili, Lopez anapigana na Steven Luevano, na Yuriorkis Gamboa wa Cuba anapigana na Mtagwa. Unaona huo mchoro? Ni Times Square ileile, miaka 15 kabla. Lopez na Gamboa wanawekwa usiku mmoja kila mtu na wake ili waje wakutane baadaye, promota wao Bob Arum alikuwa anasema wazi kabisa anaacha pambano likolee. Mtagwa alisimamishwa raundi ya pili. Aliyempa Lopez raundi ya 12 ile hakuwa amerudi bado mwilini mwake, na walimchukua kwasababu ya raundi hiyohiyo, jina lake lilikuwa limepata thamani kidogo ya kutangazia.

Na Lopez na Gamboa? Hawakupigana milele. Aprili 2011 Orlando Salido akampiga Lopez, stori ikaisha. Kwahiyo HBO walilipia pambano ambalo halikuwahi kuwepo, na ada ya hilo pambano ilitoka mwilini kwa mtu wetu.

mzee wa raundi 15

Niliiona ile ya Mtagwa. Raundi ya 12 nilipiga kelele mpaka majirani wakagonga.

Kadogo wa Lubumbashi

Ndugu zangu nasalimia kutoka Congo. Kama munasema hivyo basi tumutaje Martin Bakole, mutoto wa Kananga. Agosti 2024 kule Los Angeles walimuleta kupigana na Jared Anderson, kijana wa Amerika ambaye TV ya ESPN na kampuni ya promota Top Rank walimulea muda murefu wakimuita bingwa wa kesho, hajapigwa hata mara moja. Bakole alimupiga raundi ya kwanza akaanguka, na ya tano refa akasimamisha. Ni hela ya Riyadh ilileta hilo pambano, promota mwenyewe wa Anderson peke yake asingemukubali Bakole hata siku moja. Hapo ninasema hela ilifanya kazi nzuri, ilifunua uongo.

Lakini Februari 2025 Riyadh, Daniel Dubois akagonjwa siku mbili tu mbele ya pambano na Joseph Parker. Wakamupigia Bakole simu, yeye yuko huku nyumbani, hayuko kambini. Akapanda ndege, akafika Riyadh usiku wa manane, siku ileile ya kupigana. Alikuwa na zaidi ya kilo 140. Raundi ya pili Parker akamuangusha ikaisha. Kadi ile, yaani orodha ya mapambano ya usiku ule, walikuwa wameitangaza kuwa kubwa kuliko zote, hawakutaka kuwe na shimo. Shimo lilijazwa na mwili wa Bakole. Na alilipwa vizuri, hakuna mutu alimulazimisha, lakini bondia ambaye alikuwa mlangoni mwa mukanda wa dunia alirudishwa nyuma kwa saa chache za maandalizi.

BintiNgumi

Eish. Na usiku uleule Bivol na Beterbiev walitupa pambano safi sana la pili. Ndio hiyo shida yangu, zinakuja pamoja.

Mwalimu wa Vitasa

Nimekuwa nasoma tu lakini imebidi niingie. Mimi nafundisha vijana, gym yetu ni ya kawaida kabisa Temeke, begi mbili, moja tumejaza matambara na mchanga. Mnaongea ya Riyadh na New York, naomba niwaambie hela ya TV ikishuka mpaka huku chini inafananaje, kwasababu mimi ndio nafunga bandeji.

Kwanza nikiri kwamba TV imetusaidia. Azam walivyoanza kuonyesha ngumi mfululizo bondia wa Tanzania akawa mtu, zamani ukimwambia mzazi mwanao anapigana ngumi anaona kama umemuita kibaka. Kiduku na Dullah Mbabe waligawa nchi mara mbili, Morogoro upande huu na Dar upande ule, na walipigana kweli. Hiyo ni ya kwenu Kona Nyekundu, pambano lililipwa.

Lakini kuna usiku mmoja sitausahau, promota simtaji. Kijana wangu ana pambano la tatu kutoka mwanzo. Tumefunga bandeji saa mbili usiku, refa kaja kasaini juu ya plasta, tumepasha, jasho limetoka, dogo yuko tayari. Tunaambiwa subirini TV bado haijaingia hewani. Saa tatu. Saa nne wanaingia, lakini kwanza msanii aimbe. Halafu mgeni rasmi. Halafu lile pambano la pili likaisha raundi ya kwanza, wakasema sasa TV inataka tuvute muda mpaka saa ya matangazo, msanii mwingine. Dogo amepoa, namvalisha tena koti, napasha tena kwenye korido, vidole vimekufa ganzi kwa bandeji ananiambia coach mikono inachoma. Tulipanda ulingoni karibu saa saba usiku. Amekula mara ya mwisho saa kumi jioni. Watu wakaandika mtandaoni kuwa bondia hana pumzi.

Na mpinzani aliyepewa, tulipewa jina wiki moja kabla. Kwasababu ile kadi yote ilijengwa juu ya mtu mmoja wa pambano kuu, hela yote iko pale juu, sisi wengine tulikuwa wa kujaza masaa.

Southpaw wa Eastlands

Hii nayo ni serious. Hata kwa hizo kadi kubwa za majuu fights za mwanzo zinapigwa mbele ya viti vitupu.

Kona Nyekundu

Mwalimu hiyo post yako ina uzito kuliko ya kwangu.

Na naomba niiunganishe na alichosema mzee kuhusu kumbi ndogo. Hela ya TV ikiwa yote juu, chini hakuzaliwi kitu, halafu baada ya miaka michache hata huko juu hakuna wa kuwapanga. Ndio maana stesheni zinakimbilia mzee wa miaka 58.

Showtime waliingia kwenye ngumi Machi 1986 na pambano la Hagler na John Mugabi wa Uganda, Mugabi alikuwa hajapigwa na wote aliokutana nao aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Raundi 11 za kuumizana kwelikweli, ile ya sita ndio usiseme. Showtime haohao mwaka 2005 wakatupa Corrales na Castillo, 7 Mei, Las Vegas, kwa wateja wa kawaida wa mwezi, hakuna PPV ya kulipia pambano moja moja. Raundi ya 10 Corrales yuko chini mara mbili, jicho limeziba, anatema kinga ya meno, refa anamkata pointi, kila mtu anajua imeisha. Anainuka, anatua mkono wa kulia, halafu wa kushoto, Castillo macho yamegeuka amening'inia kwenye kamba, refa anaingia. Mabingwa wawili wa uzito wa lightweight, mkanda wa kila mmoja mezani, hakuna aliyekuwa anatunzwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hela yao kwa hesabu za leo ni ya kawaida tu.

HBO walijitoa kwenye ngumi mwisho wa 2018. Showtime Desemba 2023, na usiku wao wa mwisho walionyesha David Morrell akimmaliza Sena Agbeko wa Ghana raundi ya pili. Walianza na Mganda wa kumtingisha Hagler, wakamaliza na Mghana aliyeletwa kumfanya mtu mwingine apendeze. Mimi hiyo tofauti ndio ninayoipigia kelele.

mzee wa raundi 15

Hata Spence na Crawford ni hadithi hiyohiyo. Watu walianza kuwaomba wakiwa bado moto wote wawili, mmoja yuko ESPN kwa Arum, mwingine yuko kwa meneja Haymon na Showtime. Likapigwa Julai 2023. Spence alishapata ajali mbaya ya gari, alishapasuliwa jicho, anapigana mara moja kwa mwaka au hata hiyo moja hakuna. Chini mara tatu, raundi ya tisa likaisha. Crawford alikuwa wa ajabu usiku ule na angeweza kushinda wakati wowote. Lakini hatutajua.

Mwalimu wa Vitasa

Sasa nimuulize mwenye uzi kitu cha kazi maana hapa nina simu mkononi. Kuna watu wa Ulaya wanataka kijana wangu mwingine, kilo 66, aende kupigana na mtu wao anayeonyeshwa na TV ya kule. Wanatoa hela ambayo hapa Dar angepigana mara kumi asiipate. Wanataka aende baada ya wiki tatu. Kijana anataka kwenda, mama yake anataka aende. Mwakinyo wa Tanga si aliitwa hivihivi 2018 Birmingham kumpa mazoezi Mwingereza Eggington nyumbani kwake akampiga raundi ya pili, maisha yakabadilika. Mimi nafikiria Mtagwa.

Kona Nyekundu

Mwalimu mimi sio wakala wala promota, nasema kama mtu anayependa huu mchezo na anayesoma mikataba kwa kazi yake.

Mwakinyo alienda akiwa fiti, alikuwa anapigana mara kwa mara, hakuwa ametoka kwenye vita ya raundi 12. Hilo ndio la kuangalia kwanza, kijana wako alipigana lini mara ya mwisho na alikula ngumi kiasi gani.

La pili, uliza kama kuna pambano la pili kwenye karatasi. Akishinda atarudiana na nani, kwa hela gani, au ndio ahsante kwaheri. Wakiweka kipengele kuwa akishinda wanammiliki wao kwa mapambano matatu kwa hela ndogo, hicho kinaandikwa sana, kisome mara mbili. La tatu, omba wiki sita. TV wakishatangaza tarehe mpinzani akikosekana ni wao wanahangaika, kwahiyo una nguvu kuliko unavyodhani, hasa wakikupigia simu wewe wa pili au wa tatu baada ya wengine kukataa. La nne kilo. Wakisema 66 leo halafu siku tano kabla wanasema njoo na 69 mtu wetu hajafika, hapo mrudishe kijana nyumbani. La tano, mwalimu uende wewe. Wasikupe mtu wa kona wa kulekule.

BintiNgumi

Ongeza na bima na daktari. Na kibali cha TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa Tanzania, kiwe mkononi kabla ya tiketi ya ndege, sio ndege kwanza kibali baadaye.

Kadogo wa Lubumbashi

Na afike siku kumi mbele. Siku kumi ndugu. Sio usiku wa manane wa siku ileile.

Mwalimu wa Vitasa

Nimewapigia. Wiki sita wamekataa, wamekubali tano. Kilo 66 imeandikwa. Hela ya mwalimu na hoteli ya siku tisa wamekubali baada ya kubishana sana. Pambano la pili wamesema watanijibu kesho mchana, na nimewaambia bila hilo jibu sisaini. Dogo kanuna, lakini saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani kama kawaida.